Kilengeo cha Hobart Crail

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, kamishna Lyle Prather alisimamisha gari mbele ya duka la Clell Stamper, fundi bunduki wa Tanner Fork, akashuka na bastola iliyofungwa katika taulo la jikoni lenye picha za jogoo. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Clell alikuwa anakunywa kahawa ya tatu huku akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Clell, bwana wee, nimekuletea historia," Lyle akasema, akalitua taulo juu ya meza ya kazi.

"Historia yenyewe inataka mafuta au inataka tupa?"

"Isafishe tu, basi. Kaunti inatimiza miaka mia mwezi ujao. Tunaiweka kwenye sanduku la kioo pale mahakamani, watoto wa shule waje waione."

Akatoa karatasi yenye muhuri. Makamishna watatu wa kaunti walikuwa wameandika kwamba bastola hiyo irudishwe vile vile ilivyotoka kiwandani, wakatia sahihi bila kuyafikiria sana maneno yao. Clell aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Bastola yenyewe hakuna asiyeijua katika milima ile ya makaa ya mawe. Jumatatu ya tarehe 11 Aprili 1938, wachimbaji walipogoma, naibu sherifu Hobart Crail alifyatua risasi moja kwenye lango la mgodi, na mchimbaji Delbert Kiser akaanguka, chakula chake cha mchana kikiwa bado mfukoni. Hobart aliapa kwamba alilenga ncha ya kofia ili kumtisha tu, ila bastola ilikuwa na tabia ya kupiga chini. Alhamisi baraza la uchunguzi likaijaribu kwa umbali ule ule, hatua ishirini na tano, na kweli risasi ikashuka karibu futi mbili chini ya pale ilipolengwa. Kutoka ncha ya kofia kushuka futi mbili unafika kifuani. Wakaandika ajali. Hobart aliishi miaka mingine thelathini na moja, akafia kitandani kwake, na mtaa ukapewa jina lake.

"Kadi tumeshaichapisha," Lyle akasema akiwa mlangoni. "'Bastola ya ile ajali.' Inasomeka vizuri, eh?"

Alipoondoka, Clell aliifunga bastola kwenye jiliwa, kile kibanio cha meza ya kazi, kwa ngozi ili isichubuke, akakiinamia kilengeo cha mbele. Hicho ni kijipande cha chuma, bapa kama nusu ya kitufe, kinachosimama juu ya mdomo wa mtutu. Mpigaji hukilinganisha na mfuo ulio nyuma, ndipo afyatue. Kikiwa kifupi, risasi inapanda. Kikiwa kirefu, risasi inashuka. Huo ndio ujuzi wote, na watu wengi wameuzeekea bila kuufahamu.

Hiki kilikuwa kirefu. Clell alikipima: kilizidi kipimo cha kiwandani kwa unene wa sarafu mbili za senti tano zilizopandana. Pini iliyokishika ilikuwa changa kuliko mtutu, bado inang'aa kiunoni ambako jasho la mikono haliwezi kufika. Na alama za tupa zililalia kushoto. Fundi yeyote wa kaunti ile hukata kwa mkono wa kulia, na alama zake hulalia kulia. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akikata kwa kushoto. Aliitwa Virgil Stamper, alikuwa amezikwa miaka kumi na mitano iliyopita, nyuma ya kanisa la Wabaptisti, na ndiye aliyemfundisha Clell kushika tupa.

"Ah, Baba," Clell akakiambia kile kilengeo. "Baba, jamani."

Alikwenda chumba cha nyuma. Virgil alikuwa na desturi moja aliyowarithisha mafundi wote waliopita mikononi mwake: kipande ulichokitoa kwenye bunduki ya mtu hukitupi, hata kiwe kibovu, maana ni mali ya mtu. Unakiweka kwenye kopo la tumbaku pamoja na kikaratasi. Makopo yalikuwa mia tatu na zaidi, yamepangwa kwa majina. Clell alipitisha kidole kwenye herufi C mpaka akafika. Ndani kulikuwa na kilengeo kifupi, cheusi, kimekaa kwenye pamba, na kikaratasi cha penseli: *Cha Hobart Crail. Ametaka kirefu zaidi, leo leo. Jumanne, 12 Aprili 1938.*

Siku moja baada ya risasi, siku mbili kabla ya baraza. Virgil alidanganya kwa mikono yake, kisha kwa mazoea ya kazi akaweka ushahidi kwenye kopo. Clell alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alikasirika, na hasira yake haikuwa na mahali pa kwenda, maana mwenye kosa alikuwa chini ya ardhi na alikuwa mtu aliyeomba sala ndefu kabla ya kula.

Mchana huo akapachika kilengeo cha zamani kwa pini ya zamani. Kilikaa kama jino katika ufizi wake. Akakifukiza kwa moshi wa taa ya kabaidi ya wachimbaji ili kisimetemete juani, akaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, akabandika karatasi hatua ishirini na tano mbele, akapiga sita. Zote zilikwenda kiganja kimoja juu ya pale alipolenga, zikakaa pamoja kama mayai kiotani. Hili nalo lilieleweka. Hobart alikuwa mshindani wa shabaha wa kila Jumamosi, na washindani wa kule hulenga ukingo wa chini wa duara jeusi, hivyo huagiza bastola zenye vilengeo vifupi tangu kiwandani ili risasi ipande hadi katikati. Batamzinga wa zawadi aliojishindia Hobart kwa bastola hii walilisha nusu ya mtaa. Mtu wa namna hiyo akilenga ncha ya kofia, risasi inaenda kuua hewa. Ili imwingie Delbert Kiser kifuani, Hobart alilenga kifungo cha chini cha koti, akavuta pumzi, akafanya kama Jumamosi.

Jumatano saa nne Lyle alipita kuona kazi inaendeleaje. Aliiangalia bastola, akaisifu kwa weusi wake, akaegemea kaunta akijifanyia mazoezi ya hotuba ya sherehe. "Siku ile ya huzuni, ndugu wananchi, naibu wetu mpendwa alipopatwa na ajali ile..." Alifika mwisho, akarudia mwanzo, akaomba kahawa.

"Lyle," Clell akasema, "kilengeo kile hakikuwa chake. Baba yangu alikirefusha siku iliyofuata. Kikaratasi kipo."

"Wewe nawe! Baba yako mwenyewe unamfukua?"

"Sijamfukua. Nimefungua kopo."

"Basi lifunge," Lyle akasema kwa upole, akamaliza kahawa. "Makamishna tunakutana Alhamisi ijayo. Ukitaka kusema, njoo useme. Sisi milango iko wazi."

Alipotoka, Clell alipima kilengeo na kukuta kimerefuka kwa unene wa karatasi tatu. Kwanza akakilaumu kipimo. Alikipangusa, akapima kitu kingine anachokijua urefu, akarudi, jibu likawa lile lile. Akatoa tupa na kukikata mpaka kipimo chake, akawasha redio. Saa sita mtangazaji alisoma ratiba ya sherehe na kuitaja bastola ya ile ajali, na Clell akapima tena. Unene wa karatasi mbili. Chuma kilikuwa kimeota pale pale alipokata, na juu yake alama za tupa zikilalia kushoto. Alitukana kidogo, akakata, akazima redio. Kazi ya fundi ina mambo yake, lakini hakuna kinachoudhi kama kazi isiyokaa ilivyoachwa.

Alasiri Reba Kiser aliingia na mikate minne iliyookwa na soseji ndani, ile wanayoshuka nayo wachimbaji mgodini. Alikuwa na miaka sita baba yake alipouawa. Sasa alikuwa na arobaini na saba, mpishi wa shule, mikono imekomaa kwa masufuria.

"Ndugu Clell, nasikia lile dude liko kwako."

"Liko."

"Sikuja kuliangalia. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, na wewe ni mtu wa kanisani, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Lilikuwa linapiga chini?"

Clell aliweka kopo mezani, akamsomea kikaratasi, akamwonyesha kilengeo kirefu na karatasi yenye matundu sita. Hakuacha jina la baba yake. Reba alisikiliza akiwa amesimama. Clell alipomaliza, Reba alivuta kiti akaketi, akaanza kula mmoja wa mikate aliyomletea Clell.

"Mama yangu ana miaka themanini na mbili," akasema. "Kaburi la baba lina jiwe zuri tu, chama cha wachimbaji kilichanga. Halina neno hata moja. Fundi mawe alitaka kufuata cheti cha mahakama, aandike 'kwa ajali', Mama akamfukuza na ufagio. Akasema jiwe litangoja cheti kiseme kweli. Miaka arobaini na moja, Ndugu Clell. Watu wanapita wanadhani tulikosa la kumwandikia."

"Alhamisi nakwenda kusema."

"Utamsema baba yako mbele za watu?"

"Ninamsema."

Reba aliangalia bastola. "Mbona hicho kinasogea?"

"Kinakua. Umelitaja lile neno la mahakama."

"Ooh," Reba akasema, akafuta mdomo. "Basi tusilitaje."

Wakajaribu. Reba alisimulia kisa chote kama mama yake anavyokisimulia, lango, kofia, mlio mmoja, na kilengeo hakikusogea hata unywele. Kisha Clell akakisimulia kama kilivyo kwenye kadi, na kikapanda mbele ya macho yao. Reba alimwomba asirudie. Alisema kwa macho yake yeye ilitosha, sasa kazi ilikuwa ni kukifikisha mahakamani kikiwa kifupi.

Siku nane zilizofuata zilimchosha Clell kuliko mwaka mzima. Wateja walikuja na habari za sherehe midomoni. Mtu wa gazeti alipiga simu. Mchungaji alipita kuazima ngazi na kusema kwamba hata ajali ni mapenzi ya Mungu, na hilo peke yake lilimgharimu Clell nusu saa ya tupa. Alibandika tangazo mlangoni, WANAOZUNGUMZIA SHEREHE WABAKI NJE, watu wakasimama nje na kuuliza kwa dirishani ni sherehe gani, ile ya bastola? Mwishowe alikitia kilengeo pamba, akaifunga bastola nzima kwa blanketi, akaiweka kwenye jokofu lisilofanya kazi, na hapo ikatulia kiasi.

Alhamisi, saa nane mchana, ukumbi wa makamishna ulijaa. Mama yake Reba, bibi Oma Kiser, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa kofia ya Pasaka. Clell alifunua blanketi mbele ya watu, akapima, akamwomba karani aje asome kipimo mwenyewe. Karani akasoma. Kilikuwa sawasawa na kipimo cha kiwandani, bila kuzidi wala kupungua. Clell alisikia furaha kifuani, kitu ambacho hakuwa nacho tangu Jumanne ya wiki iliyopita.

"Asante," Lyle akasema, akagonga nyundo. "Kama ilivyo ada ya baraza hili, tutaanza kwa kusoma kumbukumbu."

Akasimama akasoma uamuzi wa mwaka wa thelathini na nane, kurasa nne. Alisoma polepole, kwa sauti nzuri ya kanisani, na kila alipofika kwenye neno lile watu wa nyuma waliokuwa wakilifahamu tangu utotoni walilitamka pamoja naye, kama watu wanavyoitikia sala. Kilengeo kilipanda. Kilipita sarafu mbili, kikapita kidole, na Lyle alipogeuza ukurasa wa mwisho kilikuwa kirefu kama kijiko cha chai.

"Nyamazeni!" Clell akapaza sauti. "Nyamazeni basi, mnakirefusha!"

"Utapata nafasi yako, Bwana Stamper."

Alipata. Alionyesha kopo, kikaratasi, kilengeo kirefu alichokitoa, alama zinazolalia kushoto, karatasi ya matundu. Alisema, "Baba yangu alifanya hivi ili mtu aliyeua aonekane hakuua." Akarudia, ili watu wa nyuma nao wasikie. Baadhi ya watu walimwonea huruma kwa kuwa na baba wa hivyo.

Lyle alivua miwani. "Swali moja tu. Hiki kilichopo sasa, umekirefusha wewe?"

"Hapana. Kimejiotea."

"Na wiki yote kilikuwa kinajiotea?"

"Kila mtu aliposema uongo ule, ndiyo."

"Kinajiotea," Lyle akawaambia wenzake. "Chuma kinaota chenyewe. Sasa kama ni hivyo, Clell, marehemu baba yako alikuwa na haja gani ya kukirefusha? Na nani anajua siku ile pale langoni kilikuwa kirefu kiasi gani? Naona unajitesa bure, rafiki yangu. Mzee Virgil alikuwa mtu safi."

"Lyle, kinaota kwa sababu mnasema uongo!"

"Karani, andika kwamba Bwana Stamper amethibitisha kinaota."

Karani akaandika. Makamishna watatu wakainua mikono mitatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakufika Tanner Fork, ambako njia hiyo imetiwa lami na kupewa jina la mtu. Kadi ilichapishwa upya ikiwa na mstari mmoja wa ziada: kilengeo cha bastola hii hukua chenyewe hadi leo, jambo linalothibitisha ushahidi wa naibu Crail.

Bibi Oma aliuliza, kwa sauti ya watu wenye masikio mazito, "Wameandika?"

"Hapana, Mama," Reba akasema.

"Basi jiwe lingoje," akasema, akaomba kupelekwa nyumbani kabla maharagwe hayajaungua.

Nje, Clell alimwomba Reba msamaha. Reba alikishika kiti cha mama yake. Alisema kwamba msamaha wa Clell anao, ila wa baba yake Clell hana, na hajui kama utapatikana. Clell alisema hata yeye hana.

Sanduku la kioo liliwekwa karibu na ngazi za mahakama. Wiki ya sherehe kilengeo kilikua hadi kikagusa kifuniko, kioo kikapata ufa, na fundi wa kaunti akatoboa tundu ili kipumue. Mwezi uliofuata kilikuwa kinakwaruza makoti ya wapita njia. Kaunti ilimwandikia Clell barua, ikimwomba kwa heshima awe anakikata kila Ijumaa. Barua ile aliichana. Ni Reba aliyemwambia aende.

"Mama hapendi kusikia kwamba kimesimama juu ya watu," alisema. "Kikate. Na vipande utuwekee, tafadhali. Ni mali ya mtu."

Kwa hiyo kila Ijumaa Clell huenda na tupa na msumeno mdogo. Vipande huviweka kwenye kopo la tumbaku, na kwenye kikaratasi huandika *Delbert Kiser, alilengwa*, pamoja na tarehe. Makopo yamejaza rafu ya pili. Bibi Oma alifariki mwezi wa pili, akazikwa pembeni ya mumewe, na Reba akamwambia fundi mawe alete jiwe la pili linalofanana na la kwanza, tupu, akalilaza mwenyewe.

Siku hizo za Ijumaa shule huleta watoto. Mwalimu huwapanga mbele ya sanduku, wakubwa nyuma, wadogo mbele, akawasomesha kadi kwa pamoja hadi mwisho, halafu tena kwa wale waliochelewa kushuka basini. Mwanzoni Clell alikuwa akikata kabla hawajafika, kisha analazimika kurudi jioni. Sasa ameshajifunza. Huketi kwenye ngazi na tupa magotini, anangoja wamalize kusoma, ili asikate mara mbili.